UZI: Wali kiporo, kimeta na dawa ya viluwiluwi ni ukoo mmoja. Tuijue jenasi Bacillus (Kanda ya Ziwa piteni hapa)

#1 Mpimaji wa Ziwani

Wakuu, habari za muda huu.

Kwenye uzi wa mama lishe watu wamebishana kurasa nzima. Wapo wanaosema wali uliolala ukipashwa vizuri hauna shida, wapo wanaosema ni sumu hata ukiuunguza. Kila upande umeshika kipande cha ukweli, na hakuna hata mmoja aliyemtaja mhusika. Mhusika ana jina: Bacillus cereus. Ana ndugu ambao wengi wenu mnawajua bila kujua kuwa ni ndugu: yule wa kimeta (anthrax), yule wa dawa ya viluwiluwi vya mbu, na yule anayetoa vimeng'enya vinavyowekwa kwenye sabuni ya unga. Mimi ni mtu wa maabara hapa Mwanza, na hawa jamaa huota kwenye sahani zetu za agari (rojo la kuoteshea bakteria) hata pale ambapo hakuna aliyewatafuta, maana wamejaa kwenye udongo na vumbi. Nitaandika kwa awamu. Anayetaka kubisha abishe kwa hoja.

Tuanze na sura. Ni bakteria wenye umbo la kijiti. Wakipakwa rangi ya Gram, ile ya kutofautisha bakteria, wanatoka zambarau kwa sababu ukuta wao ni mnene, ingawa wakishazeeka kwenye sahani baadhi hutoka wekundu na kumsumbua mwanafunzi. Wanaishi kwa oksijeni, na baadhi wanajimudu hata ikikosekana. Wadondoshee haidrojeni peroksaidi, povu linatoka papo hapo, maana wana kimeng'enya cha katalesi. Wengi wanaogelea kwa vimkia vilivyozunguka mwili mzima. Wa kimeta haogelei, na hiyo ni alama mojawapo ya kumtambua.

Lakini vijiti vya zambarau vyenye katalesi vipo vingi tu. Kilichowatenga hawa ni spora.

Chakula kikiisha, kijiti kinajigawa visivyo sawa, kipande kidogo upande mmoja na kikubwa upande wa pili. Kikubwa kinakimeza kidogo, kinakijengea kuta moja juu ya nyingine, halafu chenyewe kinapasuka na kufa. Kwa Bacillus subtilis shughuli yote inachukua kama saa 7 au 8. Kinachobaki ndicho spora. Maji ya ndani yamepunguzwa sana, nafasi yake imejaa asidi ya dipikoliniki iliyoshikana na kalsiamu, vinasaba vimefunikwa na protini ndogondogo za kuvikinga, na nje kuna gamba. Haili wala haizai. Na mtu asichanganye na spora za ukungu: ukungu unatumia spora kuzaliana, hapa kijiti kimoja kinatoa spora moja tu. Kazi yake ni kuvuka kipindi kigumu.

Sasa njooni jikoni. Kijiti kilicho hai kinakufa maji yakichemka. Spora nyingi hazifi. Kuzimaliza kwa uhakika tunatumia otoklevu, mvuke wenye shinikizo kwenye nyuzi joto 121 kwa dakika 15 au zaidi kutegemea mzigo. Na msisahau Ziwa Victoria liko zaidi ya mita 1,100 juu ya usawa wa bahari, kwa hiyo sufuria ya hapa kwetu inachemka kwenye nyuzi 96 hivi, haifiki hata 100.

Mchele unatoka shambani na spora zake. Ukiupika, bakteria wengine wengi wanakufa, spora zinabaki, na lile joto ndilo linaloziamsha. Wali ukikaa vuguvugu zinaota, vijiti vinaongezeka bila mshindani, na aina fulani zinatengeneza sumu inayoitwa sereulaidi. Hii ndiyo balaa. Sumu hiyo imepimwa ikastahimili nyuzi 121 kwa dakika 90. Asubuhi ukipasha wali umeua vijiti kweli, ila sumu unaila ikiwa nzima. Kutapika kunaanza kati ya nusu saa na saa 6 baada ya kula. Kuna sumu yake nyingine ya kuharisha, ambayo hutengenezwa tumboni na kujitokeza baada ya saa 8 hadi 16. Ile ya pili joto inaiweza.

Kwa hiyo wote mlikuwa sahihi nusu.

#2 Mama Ntilie Mabatini

Kaka yangu umeandika vizuri ila unataka tumwage chakula? Mimi wali wa mchana ukibaki naufunika kwenye sufuria ileile kubwa, jioni napasha nauza. Miaka yote hiyo hakuna mteja aliyerudi kulalamika.

#3 Mpimaji wa Ziwani

Dada, sikuambii umwage. Shida ni hiyo sufuria kubwa iliyofunikwa. Pembeni inapoa, katikati inabaki na uvuguvugu kwa saa nyingi, na uvuguvugu ndio anaoutaka. Ukitaka kuuza jioni, una njia mbili. Ama uuweke juu ya makaa ya kutosha ubaki wa moto kabisa, zaidi ya nyuzi 60, kiasi kwamba ukitumbukiza kidole unakitoa haraka. Ama uutandaze kwenye masinia uwe mwembamba, uache mvuke utoke, kisha uuweke kwenye friji ndani ya saa moja au mbili. Huna friji? Pika mara mbili, kidogo kidogo.

Na hilo la mteja kutorudi, nikuseme kidogo dada yangu: aliyetapika usiku kule Igoma anasema malaria imempanda. Harudi kukulaumu wewe.

#4 Mama Ntilie Mabatini

Haya nimekusikia. Na maharage?

#5 Mpimaji wa Ziwani

Maharage na nyama kwenye sufuria kubwa ana mwenyewe, Clostridium perfringens. Naye ana spora, naye ni kijiti cha zambarau, ila ni jenasi nyingine: hataki oksijeni na povu la katalesi halitoi. Katikati ya sufuria iliyojaa rojo ndiko hewa haifiki, ndiko anakostawi. Tofauti inayokuhusu wewe ni kwamba sumu yake anaitengenezea ndani ya utumbo wa mlaji, haisubiri kwenye chakula. Kwa hiyo maharage yakipashwa mpaka yatokote katikati, umejiokoa kweli. Kwa wali, huko hakuna kujiokoa kwa kupasha.

#6 Ngosha wa Magu

Kijana, sisi tumekua na ng'ombe. Zamani akifa ghafla watu wanagawana nyama, inachemshwa kutwa nzima, na wazee wale walifika miaka tisini. Hiki kimeta mnachotutisha nacho kiko wapi?

#7 Mpimaji wa Ziwani

Shikamoo mzee wangu.

Kipo mzee, na hakiko mbali. Mwaka 2004 na 2005 upande wa Uganda, kwenye hifadhi ya Queen Elizabeth, viboko zaidi ya 200 walikufa kwa kimeta. Kwetu kimepita kwa wanyama wa porini na mifugo mara nyingi, hasa kaskazini. Ng'ombe wengi wanaokufa ghafla hufa kwa mambo mengine, ndiyo maana hao wazee walipona. Na nyama iliyochemshwa kutwa ina vijiti vichache vilivyo hai. Ila muulize aliyechuna ngozi.

Binadamu hapati kimeta zaidi kwa kula. Takriban asilimia 95 ya wagonjwa wanakipata kwenye ngozi: spora inaingia kwenye mkwaruzo wa mkono wakati wa kuchuna. Kinaanza kipele kama cha mbu, kinajaa maji, kinapasuka, kinabaki kidonda chenye gamba jeusi tii na pembeni pamevimba. Hakiumi. Hapo ndipo watu wanapotezwa, kwa sababu kidonda kisichouma hakimpeleki mtu hospitali. Bila dawa, kati ya watu 100 wenye kimeta cha ngozi hufa 10 hadi 20. Kwa antibiotiki zilezile za kawaida, anayekufa ni nadra.

Sasa jambo ambalo ningependa kila mfugaji wa Magu, Kwimba na Misungwi alijue. Ndani ya mzoga mzima, kijiti cha kimeta hakina spora. Kinahitaji oksijeni ili kuitengeneza. Mzoga ukiachwa haujapasuliwa, uozo wenyewe unaviua vijiti vingi kwa siku chache. Ukitia kisu, damu inamwagika, hewa inaingia, vijiti vinageuka spora, na udongo wa hapo unakuwa na kimeta kwa miaka mingi mno. Waingereza walijaribu mabomu ya kimeta kwenye kisiwa cha Gruinard kule Uskoti mwaka 1942. Kisiwa kilifungwa mpaka kikamwagiwa formaldehaidi mwaka 1986, na kilitangazwa salama mwaka 1990.

Kwa hiyo ng'ombe aliyekufa ghafla, tumbo limejaa upesi, damu nyeusi isiyoganda inatoka puani na nyuma, na mwili haujakakamaa sawasawa: usimpasue. Mwite afisa mifugo wa kata. Yeye atachukua damu kidogo tu kwenye mshipa wa sikio, inatosha. Tukiipaka rangi ya bluu ya methilini iliyokomazwa na kuiweka kwenye hadubini, vijiti vinaonekana vya bluu, ncha zimekatwa mraba, vimejipanga foleni fupi fupi, na kila foleni imezungukwa na ukungu wa waridi. Huo waridi ni kapsuli, koti analovaa akiwa ndani ya mnyama ili askari wa damu wasimmeze. Ukishauona mara moja huusahau.

Kuzika ni kina cha mita 2 au kuchoma kabisa. Chokaa watu huimwaga kwa mazoea, ila kwa kimeta miongozo ya siku hizi haiitaki, maana kalsiamu ndiyo spora inayoipenda.

#8 Ngosha wa Magu

Marahaba. Hilo la kutopasua sikuwahi kuambiwa. Chanjo yenyewe ni ya uhakika?

#9 Mpimaji wa Ziwani

Ya uhakika mzee. Pasteur alionyesha mbele ya watu mwaka 1881 huko Ufaransa kwamba kondoo waliochanjwa wanapona na wasiochanjwa wanakufa. Inayotumika leo inatokana na kazi ya Sterne, Afrika Kusini, miaka ya 1930: alipata kimeta kilichopoteza koti. Sumu bado kinatoa, kinga inajengeka, ila bila koti kuua ni nadra. Ni chanjo ya kijiti hai, kwa hiyo usichanganye na antibiotiki wiki hiyo. Na ni kila mwaka, isiwe ukisikia tu kwa jirani pamelipuka.

#10 PCB Nyegezi

Mkuu shikamoo. Notisi zangu zinasema Bacillus ni kila kijiti chenye spora kinachotumia oksijeni. Ila kitabu kingine Bacillus sphaericus wamemwita Lysinibacillus, na Bacillus megaterium wamemwita Priestia. Nishike kipi?

#11 Mpimaji wa Ziwani

Marahaba mdogo wangu. Hapa ndipo nilipotaka kufika, vuta kiti.

Mwaka 1835 Ehrenberg, Mjerumani, aliona kijiti akakiita Vibrio subtilis. Mwaka 1872 Ferdinand Cohn akakihamishia kwenye jenasi mpya, Bacillus. Cohn huyohuyo mwaka 1876 alieleza spora zilizokuwa zinafanya maji ya nyasi kavu yaharibike hata baada ya kuchemshwa, jambo ambalo watu walilitumia kudai kwamba uhai unajizukia wenyewe. Mwaka huohuo daktari wa mji mdogo aitwaye Robert Koch alimletea kazi yake ya kimeta: kijiti, spora, kijiti tena, mzunguko mzima. Cohn akaichapisha kwenye jarida lake. Halafu mwaka 1880 Prazmowski akatoa jina Clostridium, ambalo likawa kapu la wenye spora wasiotaka oksijeni.

Tangu hapo kanuni ikawa ile ya notisi zako: kijiti, spora, oksijeni, basi ni Bacillus. Kosa la kanuni hiyo ni kwamba spora ni tabia, haithibitishi undugu wa karibu. Ni sawa na kuwaita watu wote wenye mwavuli ukoo mmoja. Uwezo wa kutengeneza spora ni wa kale sana katika kundi kubwa linaloitwa sasa Bacillota, zamani Firmicutes. Wengi waliupoteza njiani: Lactobacillus wa maziwa mgando, Staphylococcus wa majipu, wote wamo humo na hawana spora. Waliobaki nazo walirithi kwa babu wa mbali, na wengine hawana uhusiano zaidi ya huyo babu.

Dalili zilikuwepo. Kipimo kimoja cha vinasaba ni asilimia ya G na C, herufi mbili kati ya nne za DNA. Ndani ya jenasi moja haitakiwi kupishana sana. Kwa Bacillus ya zamani ilianzia 32 ikafika 69! Tulikuwa na wapenda chemchemi za moto, wapenda magadi, wauaji wa wadudu na wa wali wako, wote chumba kimoja.

Wazee wa maabara walijaribu kuwapanga kwa kuangalia spora yenyewe: ni yai au duara, iko katikati au mwishoni, inavimbisha kijiti au haivimbishi. Usiidharau njia hiyo, mpaka leo kwenye hadubini inasaidia. Paka kijani cha malakaiti kwa moto, osha, paka safranini. Spora inabaki kijani, kijiti kinakuwa chekundu. Wa wali utamwona na yai la kijani katikati bila uvimbe. Yule sphaericus ana duara mwishoni, limevimba.

Mwaka 1991 Ash na wenzake walisoma RNA ya ribosomu (molekuli inayotumika kupima undugu) ya spishi 51 na jenasi ikapasuka makundi 5. Baada ya hapo ni kuhama tu: Paenibacillus 1993, Brevibacillus 1996, Geobacillus 2001, Lysinibacillus 2007. Huyo Geobacillus stearothermophilus spora zake ni sugu kiasi kwamba ndizo tunazotia ndani ya otoklevu kuipima kama inafanya kazi. Mwaka 2020 wakalinganisha jenomu nzima, yaani vinasaba vyote, na kusema Bacillus ibaki na makundi mawili, la subtilis na la cereus. Hapo ndipo Priestia, Peribacillus na wengine walipozaliwa.

Mtihani wako: jibu kwa kadiri ya silabasi, ila majina mapya uyajue. Kwa msahihishaji, tabia za Gram, spora, oksijeni na katalesi bado zinakupa alama.

#12 Mbishi Halisi

Yaani majina yanabadilika kila mwaka ili watu wapate za kuandika. Ukweli wa kisayansi ungekuwa ukweli usingehama hama.

#13 Mpimaji wa Ziwani

Mkuu, umekosea kwenye sababu ila una pointi mahali ambapo hukupagusa. Kundi la cereus lenyewe majina yake hayafuati undugu. Bacillus anthracis wa kimeta, cereus wa wali na thuringiensis wa dawa ya wadudu wanafanana vinasaba kiasi kwamba kwa kanuni za kawaida wangekuwa spishi moja. Tofauti kubwa iko kwenye plasmidi, vile vipande vya vinasaba vinavyokaa pembeni. Kimeta ana mbili: pXO1 ina sumu, pXO2 ina koti. Thuringiensis yake ina fuwele ya protini inayoua wadudu. Na huko Ivory Coast, msitu wa Taï, amepatikana cereus aliyebeba plasmidi za aina ya kimeta na kuua sokwe.

Mbona hawakuunganishwa? Kwa sababu daktari akiandika cereus kwenye fomu ya mgonjwa wa kimeta, mtu atakufa. Jina limeachwa makusudi. Mimi naona wamefanya vizuri, ingawa mtaalamu wa ukoo atanuna.

#14 Mvuvi wa Ukerewe

Wakuu, hao wa viluwiluwi nielezeni vizuri. Huku mbu wanatumaliza. Nikimwaga ziwani si samaki watakufa? Dagaa ndio maisha yetu.

#15 Mpimaji wa Ziwani

Ndugu yangu, samaki hawafi kwa kiwango cha kawaida. Dawa yenyewe ni Bacillus thuringiensis wa aina ya israelensis, aliyegunduliwa kwenye jangwa la Negevu mwaka 1976. Anapotengeneza spora, anatengeneza na fuwele. Kiluwiluwi akiimeza, tumbo lake lina magadi, fuwele inayeyuka, vimeng'enya vinaikata, na sumu inatoboa ukuta wa utumbo. Tumbo la samaki au la mtu haliendi hivyo. Kiwanda kipo hapahapa nchini, Kibaha, kilichojengwa kwa utaalamu wa Cuba, kinatengeneza hiyo pamoja na ya sphaericus.

Ila ziwani usimwage, ni kupoteza dawa. Mbu wa malaria hazai kwenye mawimbi. Anazaa kwenye maji yaliyotulia: mashimo ya kufyatulia matofali, nyayo za ng'ombe zilizojaa mvua, majaruba, kingo zenye nyasi ambako maji hayasogei, na ule mtumbwi mbovu ulioachwa ufukweni ukajaa maji. Israelensis inazama upesi, kwa hiyo unarudia kila wiki moja au mbili. Kwenye maji machafu, mitaro na vyoo, tumia sphaericus, ile inadumu zaidi, na inamweza sana yule mbu wa kelele za usiku.

#16 Mvuvi wa Ukerewe

Na dagaa tunaoanika mchangani? Maana umesema hao wanakaa kwenye udongo.

#17 Mpimaji wa Ziwani

Wanakaa, na dagaa wa mchangani wanawabeba. Kukausha hakuwaui, kunawanyima maji tu ya kuotea. Dagaa mkavu kabisa hana neno hata akibeba spora. Tatizo ni yule aliyenyeshewa akiwa nusu mkavu akarudishwa kwenye gunia: huyo ana maji, ana joto, ana protini. Anikeni kwenye chanja za wavu, hewa ipite chini, na mvua ikitishia mfunike na turubai mapema. Aliyelowa akaanza kunuka, asiingie kwenye gunia la wazuri hata kama mnunuzi wa Mwaloni Kirumba ameshalipa.